Sinema ilianzia mezani: kumbukumbu za safari ya Paris, Lyon na La Ciotat

Jumatatu, Paris

Boulevard des Capucines ni barabara pana yenye kelele karibu na jumba la Opera, na wapita njia wengi hawainui macho wakifika namba 14. Hapo, tarehe 28 Desemba 1895, chini ya mkahawa wa Grand Café, katika chumba kilichoitwa Salon Indien, watu 33 walilipa faranga moja moja wakaonyeshwa filamu 10 za ndugu wawili wa Lyon, Auguste na Louis Lumière. Onyesho lilisimamiwa na baba yao, Antoine, mpiga picha ambaye ndiye aliyewasukuma vijana wake waingie katika kazi ya picha zinazotembea. Leo mahali hapo ni hoteli na kuna kibao ukutani. Nilikisoma nikaendelea kusimama, kwa sababu safari yote hii inatokana na kitu kimoja kilichoonyeshwa usiku ule.

Wengi wetu tumesimuliwa kwamba sinema ilianza na treni iliyowatimua watu vitini. Treni haikuwamo katika filamu za usiku ule. Waliyemwona watazamaji ni mtoto mchanga akilishwa. Auguste na mkewe Marguerite wameketi bustanini kwenye meza yenye vyombo, katikati yao binti yao Andrée, na baba anampelekea kijiko mdomoni. Katika filamu nyingine ya orodha hiyohiyo, Andrée huyohuyo anaingiza mkono katika bakuli la samaki wadogo. Kwa hiyo filamu mbili kati ya zile 10 za usiku ule zilikuwa za baba na mwanawe. Walioshuhudia waliandika kwamba kilichowashangaza zaidi ni majani ya miti yakitikisika kwa upepo nyuma ya ile meza. Picha ya mtu walikuwa wameizoea. Upepo hawakuwahi kuuona kwenye picha.

Mchana nilikwenda Bercy, kwenye Cinémathèque française, taasisi ya kuhifadhi na kuonyesha filamu, katika jengo lililochorwa na msanifu Frank Gehry. Ndani kuna jumba la makumbusho la Georges Méliès, aliyekuwamo katika Salon Indien usiku ule na kutaka kuununua papo hapo ule mtambo wa kuonyeshea filamu, lakini Antoine alikataa. Méliès akajitengenezea wake, akajenga studio huko Montreuil, akatupa sinema ya maajabu: vichwa vinavyoruka, mwezi wenye uso. Nilifurahia kila chombo, ila moyo wangu ulibaki kwenye ule uji wa Andrée.

Taasisi hii ilianzishwa mwaka 1936 na vijana, akiwamo Henri Langlois, ambaye inasimuliwa kwamba alijaza mikebe ya filamu hadi kwenye bafu la nyumbani kwa wazazi wake. Serikali ilipomwondoa kazini Februari 1968, waongozaji wa filamu waliingia barabarani kumtetea, na miezi michache baadaye akarudishwa. Nchi ambayo watu wake wako tayari kugombana na polisi kwa ajili ya mtunza filamu inastahili kutazamwa kwa makini.

Kwa mgeni anayepita Paris na Kifaransa chake bado ni cha kujikongoja, ninaacha dokezo hili: tangu 2015 kuna mradi uitwao Lost in Frenchlation unaoonyesha filamu za Kifaransa zenye maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Nasi tuliojifunza Kifaransa katika vituo vya Alliance Française vya Dar es Salaam na Nairobi tunaijua raha ya kusikia lugha huku jicho likisaidiwa.

Jumanne, Lyon

Treni ya kasi inachukua takriban saa mbili. Dada alinipokea stesheni ya Part-Dieu akiwa na watoto wake wawili: binti wa miaka tisa, na kitinda mimba ambaye ameanza shule ya awali mwaka huu. Hapa shule ni lazima tangu miaka mitatu, sheria iliyoanza 2019. Shemeji ni mwenyeji wa Lyon. Kitinda mimba alipozaliwa, shemeji alipata likizo ya baba ya siku 28, na dada anasema zile wiki nne ndizo zilizomfundisha mumewe kumwogesha mtoto bila kuuliza.

Usiku nimejifunza zaidi kuliko mchana kutwa. Chakula kiliandaliwa saa mbili kamili, televisheni ikazimwa, simu zikaachwa kwenye kabati la mlangoni. Kwanza karoti za kukwaruzwa, kisha samaki na wali, kisha jibini na mkate, mwisho matunda. Kila sahani ilikuwa na mazungumzo yake. Binti aliulizwa na baba yake kuhusu filamu waliyoonyeshwa na mwalimu wiki iliyopita. Akasema haikumpendeza. Baba hakumkaripia wala hakucheka, alimuuliza, “Kitu gani hasa?” Binti akafikiri, akajibu kwamba mvulana wa kwenye filamu anasamehewa upesi mno. Wakabishana kuhusu jambo hilo mpaka jibini likaisha.

Nilimuuliza dada jikoni kama ni hivi kila siku.

“Kila siku, kaka. Miaka ya mwanzo nilikuwa nakula kimya, kama tulivyolelewa na baba. Mama mkwe akadhani naumwa.”

Filamu ile ya shuleni haikuwa bahati. Ufaransa ina mpango uliozaliwa 1994 ambao huwapeleka wanafunzi wa msingi kwenye ukumbi halisi wa sinema mara kadhaa kwa mwaka, wakiwa na mwalimu aliyejiandaa, kuona filamu za kale na za nchi mbalimbali. Mtoto anazoea giza la ukumbi na kukaa na jambo asilolielewa mara moja, halafu anarudi darasani kulisema. Natamani sana tungekuwa na kitu cha namna hii katika miji yetu, pale ambapo kumbi zimegeuzwa maghala na makanisa.

Jumatano

Filamu mpya Ufaransa huanza kuonyeshwa Jumatano, desturi iliyopo tangu miaka ya 1970. Mchana wa siku hii watoto wa msingi hawana masomo, hivyo babu na bibi, mashangazi na wajomba huonekana mitaani wakiwa wameshika mikono midogo. Leo nami nilikuwa mmoja wao.

Tulikwenda Comœdia, ukumbi wa avenue Berthelot ambao ulifungwa mwaka 2003 na kufunguliwa upya 2006, baada ya watu kukataa kuuona ukifa. Tiketi za watoto zilikuwa euro 4 kila moja. Ndiyo bei ambayo kumbi nyingi za Ufaransa zilianza kuwawekea walio chini ya miaka 14 Januari 2014. Filamu ilikuwa ya katuni, iliyoingizwa sauti za Kifaransa. Watu wazima hapa hupenda filamu ya kigeni ibaki na sauti yake ya asili, na kwenye ratiba utaona alama VO kwa ile ya asili na VF kwa iliyotafsiriwa sauti. Kwa familia ya lugha mbili kama ya dada yangu, herufi hizo ni jambo la kujadiliwa nyumbani: binti sasa anadai VO, kitinda mimba hajui kusoma.

Nikiwa kwenye foleni, shemeji alinieleza jinsi mfumo unavyokwenda, naye aliongea kwa fahari ya mtu anayesifu mto wa kijijini kwao. Katika kila tiketi, asilimia 10.72 inakatwa na kupelekwa CNC, kituo cha taifa cha sinema kilichoundwa 1946, baada ya vita. Fedha hizo hurudi kutengeneza filamu za Kifaransa na kutunza kumbi ndogo. Makato hayachagui: anayekwenda kuona filamu ya Hollywood naye anachangia filamu ijayo ya Mfaransa. Mwaka 2024 ziliuzwa tiketi takriban milioni 181, na zaidi ya nne katika kila kumi zilikuwa za filamu za Kifaransa. Sioni nchi nyingine ya Ulaya yenye mwendo huo.

Filamu ilipokwisha taa hazikuwashwa mara moja. Majina ya mafundi yalipita yote, na watu wakabaki vitini. Kitinda mimba alikuwa amelala mapajani mwangu, nikafurahi kupata sababu ya kukaa.

Saa kumi na nusu jioni ni wakati wa goûter, kitafunio cha watoto. Kipande cha mkate, kipande cha chokoleti ndani yake. Basi.

Alhamisi, Monplaisir

Siku hii niliingoja. Metro ya njia D inakushusha kituo cha Monplaisir-Lumière, na ukitoka juu unaikuta nyumba kubwa ambayo majirani waliiita kasri. Antoine aliijenga mwishoni mwa karne ya 19 kwa fedha za viwanda vya wanawe, na mapambo yake, vigae, ngazi, madirisha ya rangi, yanaonyesha mtu aliyefurahia kutajirika. Leo ni makumbusho ya Institut Lumière, taasisi ya sinema iliyoanzishwa 1982, na Bertrand Tavernier, mwongozaji mzaliwa wa Lyon aliyefariki 2021, alikuwa rais wake kwa miaka mingi.

Nilikwenda nikidhani nitasoma habari za mitambo. Nimetoka nikiwa na habari za ukoo. Auguste na Louis walioa dada wawili wa tumbo moja, Marguerite na Rose Winckler. Kwa hiyo walikuwa ndugu, na tena wanyumba. Waliishi jirani kabisa, wakala pamoja, na kazi zao wakazitia sahihi pamoja hata pale ambapo mmoja ndiye aliyekesha. Mtambo wenyewe Louis aliufumbua akiwa mgonjwa na usingizi umemkataa. Tatizo lilikuwa namna ya kuvuta mkanda, kuusimamisha kidogo mbele ya lenzi, na kuuvuta tena. Jibu alilipata kwenye cherehani: namna kitambaa kinavyosogezwa hatua kwa hatua chini ya sindano. Hataza ilichukuliwa Februari 1895. Kisanduku kile cha mbao, chenye uzito wa kilo tano hivi, kilipiga picha, kikasafisha nakala na kikaonyesha filamu ukutani, vyote kwa kuzungusha mkono wa chuma. Mkanda ulikuwa wa mita 17, unaokwisha ndani ya sekunde 50 hivi.

Chumba kingine kimejaa picha za rangi kwenye mabamba ya kioo, uvumbuzi waliouingiza sokoni mwaka 1907. Rangi zake zinatokana na wanga wa viazi. Punje ndogondogo za wanga zilitiwa rangi tatu, nyekundu ya machungwa, kijani na zambarau, zikachanganywa na kutandazwa juu ya kioo, na mwanga ukipita katikati yake ndipo zikatoa rangi ya gauni, ya ua, ya shavu la mtoto. Nyingi ya picha nilizoziangalia zilikuwa za familia: wanawake chini ya mwavuli, mezani, bustanini. Walikuwa na kiwanda na dunia nzima ya kupiga picha, na bado kila walipopata chombo kipya walianza kukielekeza nyumbani.

Nyuma ya nyumba kuna Hangar du Premier-Film, paa lililobaki la kiwanda, na mtaa unaitwa rue du Premier-Film, mtaa wa filamu ya kwanza. Hapa, tarehe 19 Machi 1895, Louis aliweka kamera ng'ambo ya lango, wafanyakazi wakatoka. Kuna matoleo matatu ya tukio hilo, na wataalamu huyatofautisha kwa farasi: moja lina farasi mmoja, lingine wawili, lingine halina. Waliotoka ni wanawake wengi, wenye kofia na sketi ndefu, mmoja anamvuta mwenzake nguo, mbwa anapita katikati. Chini ya paa hilo sasa kuna ukumbi wa sinema wa viti takriban 270, na mahali lango lilipokuwa pamewekwa kioo. Nilisimama pale walipotokea. Nilishindwa kuzungumza kwa muda, na sioni haya kuliandika.

Wafanyakazi wao walitumwa duniani kote na visanduku hivyo, kuanzia Meksiko hadi Japani, na orodha ya kampuni ina filamu zaidi ya 1,400. Mwaka 2005 zilitambuliwa na UNESCO kama kumbukumbu ya dunia. Kila vuli Lyon hufanya tamasha la filamu la Lumière, lililoanza 2009. Linahusu hasa filamu za zamani zilizokarabatiwa, na shemeji huchukua likizo kwa ajili yake.

Ijumaa, Marseille

Nimesafiri peke yangu. Watoto wako shule. Mchana nilikula Noailles, soko la katikati ya mji, ambako Wakomoro ni wengi. Muuza mihogo alisikia nikizungumza na dada kwenye simu, akanisalimu kwa Kikomoro nikamjibu kwa Kiswahili, na tukaelewana bila Kifaransa kuingia. Aliniongezea pilipili.

Jumamosi, La Ciotat

Treni ndogo ya pwani inapita kando ya miamba na kukushusha kwenye stesheni ileile. Ndiyo, ile ya filamu ya treni, iliyoonyeshwa mapema 1896. Iko mbali na bahari, na mtu asiyejua historia yake angeipita bila kugeuka. Kwenye filamu, baadhi ya waliosimama jukwaani wakisubiri ni watu wa ukoo wa Lumière wenyewe, wake na watoto wakiwa likizoni, kwa kuwa Antoine alikuwa na nyumba kubwa hapa kando ya bahari. Ukijua hilo, filamu inabadilika kabisa. Huoni tena chuma kinachokuja kukuponda. Unaona mtu amekwenda stesheni na kamera, na familia yake imemfuata.

Mjini, mbele ya bandari, kuna Eden-Théâtre, jengo la njano lililofunguliwa 1889. Filamu za Lumière zilionyeshwa humo Machi 1899, na linatajwa kuwa ukumbi wa sinema mkongwe kuliko yote duniani unaofanya kazi hadi leo. Katika miaka ya 1990 lilifungwa likaanza kuoza. Wananchi wakaunda kikundi cha kulitetea, na mwaka 2013 likafunguliwa tena. Mama mmoja wa kujitolea alinitembeza ndani kama anayenionyesha sebule yake.

Nilikaa kidogo bandarini. Winchi kubwa za La Ciotat zilijenga meli za kampuni ya Messageries Maritimes, ambazo kutoka Marseille zilishuka Suez, Djibouti, Mombasa, Zanzibar, Komoro, hadi Madagaska. Mababu zetu wa pwani walizipakia na kuzipakua. Karakana za meli za hapa zilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na leo zinahudumia boti za matajiri.

Mji huu ndio pia uliozaa petanki, mchezo wa tufe za chuma, mwanzoni mwa karne ya 20. Inasimuliwa kwamba mchezaji hodari alishikwa na baridi yabisi akashindwa kukimbia kabla ya kurusha, na wenzake, badala ya kumwacha nyumbani, wakabadilisha sheria: kila mtu arushe miguu ikiwa pamoja, ndani ya duara. Jioni niliwatazama wazee wakicheza chini ya miti, wajukuu wakihesabu pointi. Kisha nikarudi Lyon kwa treni ya usiku.

Jumapili

Chakula cha mchana kwa mama mkwe wa dada, kijijini nje ya Lyon. Tulikaa mezani kuanzia saa saba mpaka karibu saa kumi na moja, na hapana aliyeona kuwa ni muda mrefu. Vyakula vingi vya Lyon ni vya nguruwe, hivyo mama huyu alikuwa ameuliza mapema nisichokula, akanipikia quenelle: madonge laini ya samaki wa mtoni, mayai na siagi, yanayochemshwa kisha kuokwa ndani ya mchuzi mpaka yavimbe. Mwisho ulikuja mkate mtamu wa lozi za sukari nyekundu. Kitinda mimba aliruhusiwa kushuka kitini alipochoka. Binti alibaki, kwa hiari yake, kwa sababu mabishano yalikuwa yameanza. Walikuwa wamegawanyika kuhusu filamu moja ya wiki hii, na bibi yake ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote.

Baada ya kahawa, shemeji alileta sanduku. Kampuni ya filamu ya Pathé ilitoa mwaka 1922 mtambo mdogo wa nyumbani, Pathé-Baby, wenye mkanda wa milimita 9.5 na matundu katikati, ili familia ionyeshe filamu sebuleni. Kamera yake ikafuata. Babu yake shemeji alikuwa nayo. Shuka lilitundikwa, pazia likafungwa, binti akapewa kuzungusha. Tukaona kuku uani, wavuna zabibu, harusi, mtoto anayeanza kutembea na kuanguka. Mama alitaja jina la kila uso. Mmoja hakumkumbuka, akakasirika, akampigia simu dada yake aliyeko kusini. Wakabishana, na jina likapatikana. Shemeji aliliandika papo hapo kwenye daftari, pamoja na mahali na mwaka.

Akaniambia kwamba huko Brest, tangu 1986, Cinémathèque de Bretagne inapokea mikanda ya namna hii kutoka kwa watu wa kawaida, inaisafisha, inanakili na kuihifadhi, na kitu cha kwanza wanachokuuliza ni nani hawa, wapi, lini. Mkanda usio na majina husaidia kidogo sana.

Mama akanigeukia. “Na kwenu, nani amempiga mama yako filamu akipika?”

Hakuna aliyempiga. Tuna picha za harusi, tuna picha za misiba, tuna video za simu za sekunde chache zilizopotea na simu zenyewe. Dada naye alinyamaza. Kisha akachukua simu, akampigia mama Tanga, akamweleza kwamba mimi nikirudi nitakuja na kamera, nitaiweka juu ya meza, nayo haitahama.

“Basi aje Ijumaa,” mama akasema, sote tukisikia. “Shangazi yenu atakuwapo. Yeye ndiye anayeyajua majina ya wale wazee wa Pangani.”

Dada akamwomba shemeji daftari lingine.